Kumpima Kiwanuka

Mathias Kiwanuka alizaliwa Indianapolis, Marekani, tarehe 8 Machi 1983. Babu yake, Benedicto Kiwanuka, alikuwa waziri mkuu wa kwanza wa Uganda na baadaye Jaji Mkuu wa kwanza mzalendo wa nchi hiyo. Tarehe 21 Septemba 1972 watu wa Idi Amin walimkamata katika jengo la Mahakama Kuu mjini Kampala, mchana kweupe, wakaondoka naye, na hadi leo kaburi lake halijulikani. Mjukuu hakuwahi kumwona. Alirithi jina tu, na jina hilo likaja kuandikwa mgongoni mwa jezi ya New York Giants, mojawapo ya timu kongwe za futiboli ya Kimarekani.

Kuanzia mwaka 2006 hadi 2014 makocha, waandishi na mashabiki walimjadili mjukuu huyo: nguvu zake ni zipi, udhaifu wake ni upi, achezeshwe nafasi gani. Nataka kuyapitia majadiliano hayo nikiwa hapa Ngara, wilaya ambayo haina hata uwanja mmoja wa mchezo huo. Sababu yangu ya kwanza ni huo mwaka 1972.

Siku nne kabla ya Jaji Mkuu kutekwa, wapiganaji waliomuunga mkono Milton Obote walivuka mpaka kutoka Tanzania kupitia Mutukula, wakielekea Masaka na Mbarara. Walishindwa. Mutukula imo katika mkoa wetu, ambao wakati huo uliitwa Ziwa Magharibi. Jina la Kagera lilikuja baada ya vita vya 1978 na 1979. Amin akaanza kuwasaka wote aliowadhania kuwa adui zake. Kiwanuka alikuwa amekwishajiweka hatarini kwa uamuzi wa mahakama: alikuwa ameamuru Mwingereza mmoja aliyezuiliwa na wanajeshi aachiwe, kwa kuwa jeshi halikuwa na mamlaka ya kumzuia.

Miezi mitano kabla ya hapo, tarehe 29 Aprili 1972, mauaji yalikuwa yameanza Burundi, ng'ambo ya mpaka wetu mwingine. Waliouawa wanakadiriwa kuwa zaidi ya laki moja. Walionusurika walikimbilia Tanzania, Zaire na Rwanda. Wazazi wa shemeji yangu walikimbilia Rwanda. Yeye alizaliwa huko, mkimbizi tangu siku ya kwanza, na mwaka 1994, damu ilipoanza kumwagika Rwanda, akakimbia tena pamoja na wengine. Alivuka hadi Ngara, akawekwa Lukole.

Wasiowahi kufika huku huwa wanaijua Benaco, kwa sababu ya picha za Wanyarwanda waliovuka daraja la Rusumo kwa makumi ya maelfu mwishoni mwa Aprili 1994. Wanyarwanda walirudishwa kwao Desemba 1996. Lukole ilikuwa ya Warundi, nayo ilibaki. Kuna wakati ilikuwa na watu wapatao 100,000, wengi kuliko mji wowote wa jirani, kwenye vilima ambavyo zamani vilikuwa malisho na pori la kuelekea Biharamulo. Sisi Wahangaza tuliwasikia Warundi wakiongea na tukawaelewa, kwani lugha zetu ni kama mtu na ndugu yake. Watu walifanya biashara, walipeana vibarua, wengine walioana. Dada yangu aliolewa Lukole. Mtoto wao wa kiume alizaliwa humo mwaka 2005, na mwaka 2007, kambi ikielekea kufungwa, waliondoka kwa mpango wa Marekani wa kuwachukua Warundi wa mwaka 1972 walioonekana hawana pa kurudi. Takriban watu 8,000 walikwenda kwa mpango huo. Dada yangu, mumewe na mtoto walipelekwa Louisville, Kentucky, mwendo wa saa mbili kwa gari kutoka Indianapolis.

Mwaka 2021 mpwa wangu huyo alikuwa na miaka 16, na alikuwa akicheza nafasi ya lainibeka katika timu ya shule yake. Usiku mmoja alinitumia picha ya karatasi kwa simu. Ilikuwa tathmini ya kocha, yenye safu mbili. Safu ya nguvu ilisema ana kasi, mikono mirefu, hachoki, anafundishika. Safu ya udhaifu ilikuwa na neno moja: anasita.

"Shikamoo mjomba," aliandika. "Wewe ni mwalimu. Nisomee hii. Kocha anasema nisipobadilika atanitoa kwenye nafasi."

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi na nimewahi kufundisha timu ya kata, mpira wetu huu wa kawaida. Nimeandika maelfu ya tathmini za watoto wa watu, na najua neno moja kwenye karatasi linavyoweza kumkaa mtoto kichwani kwa muda mrefu. Kwa hiyo sikumjibu usiku ule. Nilikwenda kwanza kujifunza lainibeka ni nani.

Katika mchezo huo kila upande una watu kumi na mmoja. Wanaoshambulia wanapewa majaribio manne kuusogeza mpira yadi 10, kama mita 9. Wakishindwa, mpira unakwenda kwa wenzao. Kiongozi wa mashambulizi ni kotabeka: ndiye anayepokea mpira, kisha anaurusha kwa mwenzake, anamkabidhi mkimbiaji, au anakimbia nao mwenyewe. Walinzi hujipanga tabaka tatu. Mbele kabisa ni majitu yaliyoinama, mkono mmoja chini, yakisubiri kusukumana. Nyuma kabisa ni wenye mbio, wanaowafuata wapokeaji wa mipira mirefu. Katikati ya tabaka hizo, amesimama wima, ndipo alipo lainibeka.

Kazi yake ni ngumu kwa sababu ni tatu kwa pamoja. Mkimbiaji akipewa mpira, lainibeka aende mbele amwangushe. Kotabeka akitaka kurusha, ama amvamie, ama arudi nyuma kumziba mpokeaji. Anajua ni ipi kati ya hizo baada ya mpira kuanza kuchezwa, na ana kama sekunde moja ya kusoma. Timu pinzani nayo inamdanganya makusudi: kotabeka anajifanya kumkabidhi mkimbiaji, lainibeka anakwenda mbele, mpira unarushwa pale alipotoka. Kwa hiyo anayeamua haraka mno anadanganywa, na anayechelewa anapitwa. Mtu akiandika kuwa lainibeka anasita, amegusa kiini cha kazi yenyewe.

Wamarekani wanapenda kupima. Karibu kila mwaka, tangu 1987, vijana wanaotaka kuingia ligi kuu ya NFL hukusanywa Indianapolis. Wanapimwa urefu, uzito, mikono, viganja. Wanakimbia yadi 40, kama mita 36 na nusu, kwa saa ya kuhesabu sehemu za sekunde. Wanalala chali na kuinua chuma cha kilo 102 mara nyingi wawezavyo. Wanaruka juu, wanaruka mbele. Madaktari wanawakagua viungo, na timu zinawahoji faragha. Kisha ripoti zinaandikwa, na ripoti karibu zote zina safu zile mbili.

Nilipolisoma hilo niliikumbuka Lukole. Humo nako watu walipimwa. Mtoto alizungushiwa utepe mkononi ili ijulikane kama ana utapiamlo. Familia ilihesabiwa, ikapewa kadi, na kadi ikasema ni kiasi gani cha mahindi, maharage na mafuta. Waliotaka kwenda Marekani walihojiwa: ulikimbia lini, kwa njia ipi, nani alikufa, taja tena. Sisemi vipimo hivyo ni sawa. Kijana wa Indianapolis anatafuta mamilioni ya dola, na mama wa Lukole alikuwa akitafuta chakula cha wiki mbili. Ila katika pande zote mbili mpimaji huandika alichokiona siku ile, mahali pale, na karatasi husomwa baadaye kana kwamba inasema mtu huyo alivyo siku zote.

Mfano mzuri wa kipimo cha mwili peke yake ni Daniel Adongo. Alizaliwa Nairobi mwaka 1989, akacheza raga Afrika Kusini na New Zealand. Mwaka 2013 Indianapolis Colts walimsajili kuwa lainibeka wa pembeni ingawa hakuwa amewahi kucheza mechi hata moja ya futiboli ya Kimarekani. Alikuwa na urefu wa karibu mita mbili, mwili mzito na kasi isiyo ya mtu wa umbo hilo, na raga ilikuwa imemfundisha kuangusha watu. Kwa tathmini ya mwili, safu ya nguvu ilijaa. Alicheza mechi chache mwishoni mwa msimu wa 2013, akawa Mkenya wa kwanza kufika huko, na mwaka 2015 timu ikamwacha. Udhaifu wake haukuwa wa mwili. Wenzake walianza kuusoma mchezo huo wakiwa watoto, yeye alianza akiwa na miaka 23. Katika raga hakuna mtu anayekusubiri usimame ili akudanganye.

Kiwanuka alikuwa na vyote viwili. Alikulia Indianapolis penyewe, akasoma Chuo cha Boston, na huko akaweka rekodi ya chuo ya kuwaangusha makotabeka. Giants walimchagua mwaka 2006 akiwa wa 32, wa mwisho katika raundi ya kwanza. Alikuwa na urefu wa kama mita 1.96 na uzito wa kilo 120 hivi, mikono mirefu, hatua ya kwanza ya haraka. Nafasi yake ilikuwa safu ya mbele, pembeni. Tatizo ni kwamba pale pembeni Giants tayari walikuwa na Michael Strahan, Osi Umenyiora na Justin Tuck. Walichagua mtu mzuri kwa nafasi iliyojaa.

Tarehe 26 Novemba 2006, akiwa bado mgeni wa ligi, Giants walicheza Nashville dhidi ya Tennessee Titans. Walikuwa wakiongoza 21 kwa 0 kuingia robo ya mwisho. Titans wakarudisha mabao mawili. Zikiwa zimebaki kama dakika tatu, Titans walikuwa kwenye jaribio la nne, la mwisho. Kotabeka wao, Vince Young, akajaribu kutoroka, na Kiwanuka akamkumbatia kiunoni. Mechi ilikuwa imekwisha pale. Kisha Kiwanuka akafungua mikono. Alidhani mpira umekwisharushwa, na mlinzi anayemwangusha kotabeka aliyekwisharusha mpira anaadhibiwa. Mwaka huo waamuzi walikuwa wakali sana katika kuwalinda makotabeka. Young bado alikuwa na mpira. Akakimbia, akavuka yadi zilizotakiwa, Titans wakasawazisha, wakashinda 24 kwa 21.

Nimeiangalia picha hiyo mara nyingi kuliko ninavyopenda kusema. Inaonekana kama uzembe. Ukiiangalia polepole, unamwona mtu mwenye nguvu za kutosha, mahali panapotakiwa, kwa wakati unaotakiwa, anayeachia kwa sababu anaijua sheria na adhabu yake. Mikono haikushindwa.

Nilimtumia shemeji picha ile ile. Alinipigia simu. Akacheka kidogo, akasema, "Huyo anaogopa kilomita nne."

Msomaji wa mbali hataelewa, kwa hiyo nieleze. Mkimbizi wa Lukole hakuruhusiwa kwenda zaidi ya kilomita nne kutoka kambini bila kibali. Kuni zilikuwa mbali, vibarua vilikuwa mbali, masoko mengine yalikuwa mbali. Aliyekamatwa nje bila karatasi aliweza kupelekwa mahakamani na kufungwa. Shemeji alikuwa akija kwetu kulima, na nakumbuka alivyokuwa anasimama kwenye mti fulani njiani, anaangalia pande zote, kisha ndiyo anaendelea. Hakuwa mwoga. Alikuwa amevuka mipaka mikubwa kuliko mti ule. Alikuwa amejifunza kwamba hatua moja iliyo sahihi kwa tumbo inaweza kuwa kosa kwa karatasi.

Ningeweza kuishia hapo na kumwambia mpwa wangu kwamba kusita kwake kumetoka kwa baba yake, na kwa baba wa baba yake. Ingekuwa habari ya kupendeza, lakini isingemsaidia. Mtoto aliondoka Lukole akiwa na miaka miwili. Na Kiwanuka, hata kama tunaielewa sababu, alimwachia mtu mwenye mpira na timu yake ikafungwa. Lilikuwa kosa, na lilistahili kuandikwa kwenye safu ya pili. Swali la mpimaji mwaminifu ni moja zaidi: baada ya hapo alifanya nini?

Mwaka 2007 Giants walimhamisha. Kwa kuwa pembeni pamejaa, wakamfanya lainibeka. Mtu aliyezoea kuinama mkono chini sasa alisimama wima, akarudi hatua kadhaa, akatakiwa kusoma kabla ya kwenda, na mara nyingine kukimbia kinyumenyume akimfuata mpokeaji mwepesi kuliko yeye. Hapo udhaifu wake halisi ulionekana. Mwili mrefu hugeuka kwa taabu, na kwenye uwanja wazi, mbali na msukumano, alipitwa na watu wepesi. Nguvu zake nazo zilionekana: alipoelekezwa mbele, kumvamia kotabeka au kufunga ukingo mkimbiaji asipite nje, mikono ile ilifanya kazi. Alikuwa anaanza kuizoea nafasi, Novemba, dhidi ya Detroit, akavunjika mguu. Februari 2008 Giants waliwafunga New England Patriots, ambao hawakuwa wamepoteza hata mechi moja msimu ule, wakachukua Super Bowl. Kiwanuka aliitazama akiwa majeruhi.

Mwaka 2008 Umenyiora akaumia goti kabla ya msimu, na Kiwanuka akarudishwa safu ya mbele. Aliwaangusha makotabeka mara nane. Mwaka 2010 alianza vizuri, kisha akapata tatizo la diski ya shingo, jeraha ambalo kwa mchezo ule humaliza watu, akakosa karibu msimu mzima. Mwaka 2011 malainibeka wa timu walipopungua kwa majeraha na waliobaki wakawa wachanga, wakamwita tena nyuma. Akaenda, na shingo yake ile. Miaka ya mwisho wakamrudisha mbele.

Ukiisoma rekodi yake kwa haraka unaona mtu asiye bingwa wa nafasi yoyote. Hakuwa Strahan, hakuwa Umenyiora, na kati ya malainibeka wakubwa wa Giants hatajwi. Wachambuzi wengi waliandika hivyo, na kwa hesabu hawakukosea. Lakini safu ya udhaifu ilipoandika kwamba hana nafasi yake, haikuandika nani aliyemhamisha, mara ngapi, na kwa shida ya nani. Kila alipohamishwa ilikuwa kuziba pengo la mwingine. Uwezo wa kuanza upya mahali ulipowekwa, bila kulichagua, ni nguvu. Lukole ilijaa watu wa namna hiyo, nao kwenye karatasi waliitwa tegemezi.

Tarehe 5 Februari 2012 Giants walicheza Super Bowl nyingine na Patriots wale wale, wakashinda 21 kwa 17. Mechi ilichezwa Indianapolis, mji aliozaliwa, ambako vijana hupelekwa kupimwa. Safari hii Kiwanuka alikuwa uwanjani, na alikuwa hapo kama lainibeka.

Nilimwandikia mpwa wangu baada ya siku nne. Nilimwambia kocha wake yuko sahihi, anasita, na nimeona katika video alizonituma. Nikamwambia pia kwamba hasiti kila mara. Mkimbiaji akija upande wake anakwenda bila kufikiri. Anasita mpira unapojifanya kwenda kwa mkimbiaji na haukwenda, yaani anasita pale anapodanganywa. Hilo si jambo la damu wala la moyo. Ni kusoma, na kusoma kunafundishwa. Mimi hiyo ndiyo kazi yangu. Nikamwomba aende kwa kocha na swali moja: niangalie nini kwanza, miguu ya walinzi wa mbele au mikono ya kotabeka? Na kwamba akihamishwa nafasi, aende.

Alikwenda. Kocha alimpa video za mechi sita za kusoma nyumbani, na wakaanza kuzitazama pamoja na baba yake, ambaye hajui hata sheria moja ya mchezo huo ila ana jicho kali la kujua mtu anaelekea wapi kabla hajageuka. Msimu uliofuata mpwa wangu alianza kama lainibeka mechi tano, na nyingine alikaa benchi. Karatasi mpya ya kocha ilikuja mwisho wa mwaka. Safu ya kwanza iliongezewa neno. Katika safu ya pili bado limeandikwa anasita, na mbele yake sasa kuna maneno mawili, mara chache.